Upanga wa Kijapani: Kutu ya msuka ndiyo kitambulisho chake

MTU anaporithi upanga wa kale wa Kijapani, au anapoununua mnadani, hamu ya kwanza inayomjia ni kuusugua hadi ung'are. Huchukua msasa na mafuta, akaondoa kutu yote kuanzia nchani hadi kwenye kile chuma kinachofichwa ndani ya mpini, yaani msuka.

Kufikia jioni, upanga huo huwa unameremeta. Lakini pia huwa umepoteza ushahidi ambao ungemwezesha mtaalamu kusema uliundwa karne gani, katika eneo lipi na kwa mkono wa mhunzi yupi. Thamani yake ya fedha, na hata ile ya kihistoria, huwa imepeperuka pamoja na vumbi la msasa.

Kosa hilo limerudiwa mara nyingi tangu Vita vya Pili vya Dunia vilipomalizika. Japani ilitia saini mkataba wa kusalimu amri mnamo Septemba 2, 1945. Katika miezi iliyofuata, maafisa na askari wake waliamrishwa kukabidhi panga zao. Admirali Louis Mountbatten, aliyeongoza majeshi ya Washirika Kusini-Mashariki mwa Asia, alisisitiza kwamba kila afisa wa Japani autoe upanga wake mbele ya watu. Yeye mwenyewe alipokea panga mbili kutoka kwa Jemadari Mkuu Terauchi mjini Saigon mwezi Novemba mwaka huo.

Panga nyingi ziliyeyushwa au kutoswa baharini. Nyingine zilibebwa na wanajeshi kama kumbukumbu hadi Marekani, Uingereza, Australia na kwingineko. Leo wanajeshi hao wengi wameaga dunia, na panga zao zimo mikononi mwa watoto na wajukuu wasiojua wanachomiliki.

Afrika Mashariki si mgeni katika historia hii. Askari wa King's African Rifles kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walipelekwa Burma, ambayo sasa ni Myanmar, wakiwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na kichwa cha kifaru kama nembo yake. Mwaka wa 1944 waliteremka Bonde la Kabaw katika mvua za masika ya huko, wakapigana na Wajapani hadi wakafika Kalewa, kando ya mto Chindwin, mwezi Desemba. Maafisa waliokabiliana nao walikuwa wakining'iniza viunoni panga za aina zinazoelezwa katika makala haya.

Yafuatayo ni mambo ya msingi ambayo kila anayekusanya panga hizi, au aliyeachiwa mmoja na marehemu babu yake, anapaswa kuyafahamu.

Majina na vipimo

Neno katana limezoeleka kwa kila upanga wa Kijapani, ingawa kwa hakika ni jina la aina moja tu. Upanga hupimwa kwa mstari ulionyooka kutoka nchani hadi kwenye pengo dogo lililoko mgongoni, pale chuma cha kukatia kinapokutana na msuka. Msuka hauhesabiwi.

Kipimo cha jadi ni shaku, ambacho ni sawa na sentimita 30.3. Upanga usiofika shaku moja huitwa tanto. Ulio kati ya shaku moja na mbili ni wakizashi. Unaozidi shaku mbili, yaani sentimita 60.6, ni katana au tachi.

Tofauti kati ya hizi mbili za mwisho imo katika namna ya kuvaliwa. Tachi ulining'inizwa kiunoni makali yakiangalia chini, nao ulimfaa mpiganaji aliyepanda farasi. Katana ulichomekwa katika mshipi makali yakiangalia juu, ili mtu auchomoe na kupiga kwa mkupuo mmoja. Samurai wa enzi za baadaye alivaa katana pamoja na wakizashi, na jozi hiyo ilikuwa alama ya tabaka lake.

Aghalabu mhunzi alichonga jina lake kwenye ubavu wa msuka uliotazama nje upanga ulipovaliwa. Kwa hivyo, upande lilipo jina unaweza kudokeza kama chuma hicho kiliundwa kuwa tachi au katana, hata kama mpini na ala vimebadilishwa mara kadhaa.

Enzi za uhunzi

Wataalamu huzigawa panga hizi kwa nyakati. Panga zilizopinda na kufanana na tunazozijua leo zilianza kuundwa takriban miaka elfu moja iliyopita. Zile za kabla ya mwaka wa 1596 huitwa koto, maana yake panga za kale. Humo mna kazi za enzi ya Kamakura, kati ya 1185 na 1333, ambazo wengi huziona kuwa kilele cha ufundi huo. Masamune, mhunzi anayetajwa kuliko wote, alikuwa wa wakati huo.

Katika enzi ya koto kulikuwa na mikondo mitano mikuu ya uhunzi iliyopewa majina ya mikoa: Yamashiro, Yamato, Bizen, Soshu na Mino. Kila mkondo ulikuwa na namna yake ya kufua chuma, na mtaalamu huweza kuutambua kama msikilizaji anavyotambua lafudhi ya mtu wa Lamu na ya mtu wa Mombasa.

Panga za 1596 hadi karibu 1780 huitwa shinto, yaani panga mpya. Zilizofuata, hadi 1876, ni shinshinto, panga mpya zaidi, ambapo wahunzi walijaribu kurejelea mbinu za wahenga wao. Mwaka huo wa 1876, serikali ya Meiji ilipiga marufuku raia kuvaa panga hadharani. Wahunzi wengi walikosa riziki kwa pigo hilo moja, wakageukia visu vya jikoni na zana za kilimo.

Panga za jadi zilizofuliwa kati ya 1876 na 1945 huitwa gendaito. Hizi zisichanganywe na panga nyingi za kiwandani zilizotengenezwa kwa ajili ya jeshi katika kipindi hicho hicho, kama tutakavyoona.

Chuma na mstari wa makali

Ili kuutambua upanga halisi, ni sharti kwanza kufahamu ulivyozaliwa. Malighafi yake ni mchanga wenye chuma. Mchanga huo huyeyushwa pamoja na makaa ya miti katika tanuri la udongo liitwalo tatara, ambalo huwashwa kwa siku tatu mchana na usiku. Tanuri huvunjwa, na ndani yake hutolewa pande la chuma cha pua ambacho sehemu zake bora huitwa tamahagane.

Mhunzi hukipasha moto chuma hicho, akakifua na kukikunja mara nyingi ili kuondoa takataka na kusawazisha kaboni. Mikunjo hiyo huacha mistari hafifu juu ya bapa, mfano wa nyuzinyuzi za mbao iliyopigwa randa. Kila mkondo una mistari ya namna yake.

Hatua ya hatari zaidi ni ya mwisho. Mhunzi huupaka upanga udongo, mzito mgongoni na mwembamba kwenye makali. Huutia motoni usiku au katika giza ili aweze kuisoma rangi ya chuma, kisha akauzamisha katika maji. Makali hupoa ghafla na kuwa magumu mno. Mgongo hupoa polepole na kubaki laini, ili upanga usivunjike unapopigwa. Tofauti hiyo ya kupoa pia huuongezea upanga mpindo wake. Wakati mwingine chuma hupasuka, na kazi yote ikapotea.

Mpaka kati ya sehemu ngumu na laini huonekana kama ukungu mweupe unaopita kando ya makali. Wajapani huuita hamoni. Huweza kuwa mstari ulionyooka, mawimbi, au vishada vinavyofanana na vikonyo vya karafuu. Umbo hili la mwisho, lililosifika sana katika panga za Bizen, huitwa choji, ambalo ndilo neno la Kijapani la karafuu, zao wanalolijua vyema wasomaji wa Pemba na Unguja.

Ukiuinamisha upanga kuelekea taa moja yenye mwanga mkali, hamoni ya kweli hufunguka. Ndani yake utaona chembechembe zinazometa kama umande, au utando laini kama ukungu wa asubuhi. Mstari uliochorwa kwa asidi hauna uhai huo. Huwa mweupe sawasawa kama chokaa, na hutoweka mwanga unapobadilishwa.

Panga za kijeshi

Jeshi la kisasa la Japani lilipoanzishwa baada ya 1868, lilifuata mitindo ya Ulaya. Panga zake za kwanza, ziitwazo kyugunto, zina mpini wa mkono mmoja na kinga ya chuma inayozunguka vidole, kama kitara cha afisa wa Ufaransa.

Mwaka wa 1934 jeshi la nchi kavu lilirudia umbo la jadi. Upanga mpya wa maafisa, shingunto, ulikuwa na mpini mrefu wa mikono miwili, uliofunikwa kwa ngozi ya samaki aina ya taa na kufungwa kwa utepe wa rangi ya kahawia. Mapambo yake yalikuwa maua ya mcheri. Toleo hilo la 1934 lilikuwa na pete mbili za kuning'inizia kwenye ala, ilhali toleo la 1938 lilikuwa na moja. Jeshi la majini lilikuwa na upanga wake kuanzia 1937, kaigunto, ambao kwa kawaida ulikuwa na ala nyeusi au ya rangi iliyokoza na pete mbili. Baadhi ya panga za majini zilitengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu, kwa sababu ya chumvi ya bahari.

Kishada kilichofungwa mpinini kilionyesha cheo. Maluteni na makapteni walitumia kahawia na buluu. Kuanzia meja hadi kanali, rangi zilikuwa kahawia na nyekundu. Majenerali waliongezewa dhahabu. Hata hivyo, vishada huhamishwa kirahisi, kwa hivyo visitegemewe kama ushahidi wa pekee.

Masajini na makoplo walikuwa na upanga tofauti, wa mwaka wa 1935, waliopewa na serikali kama walivyopewa bunduki. Chuma chake kilitengenezwa kwa mashine na kina mfereji ubavuni. Mpini wake ni wa aluminiamu, ingawa wa mwanzo ulikuwa wa shaba, uliofinyangwa na kupakwa rangi ili ufanane na utepe uliosukwa. Vita vilipopamba moto na madini kuadimika, mipini ya mbao tupu ilitumika. Upanga huu una nambari iliyogongwa kwenye chuma karibu na kinga ya mkono, na mara nyingi nambari iyo hiyo iko kwenye ala. Nambari hizo zikilingana, thamani huongezeka.

Maafisa, kwa upande wao, walijinunulia panga zao wenyewe. Hapa ndipo penye siri kubwa inayowavutia wakusanyaji. Afisa mwenye uwezo mdogo alinunua chuma cha kiwandani, kilichozimwa kwa mafuta badala ya maji, ambacho leo huitwa showato. Afisa wa ukoo wa kisamurai aliweza kuchukua upanga wa mababu zake, akautia katika mpini na ala za kijeshi, akaenda nao vitani.

Kwa sababu hiyo, ala chakavu ya kijeshi inaweza kuwa na chuma cha mwaka wa 1940 au cha karne ya 15. Haiwezekani kujua kwa kutazama nje. Jibu limo msukani.

Kusoma msuka

Mpini wa upanga wa jadi hushikiliwa na kijiti kimoja cha mwanzi kinachopita kwenye tundu la msuka. Kijiti hicho husukumwa nje kwa kifaa kidogo kisichoharibu, kuanzia upande wake mwembamba. Kisha mtu huushika mpini kwa mkono wa kushoto, upanga ukiwa umesimama karibu wima na makali yakimwelekea mbali, akaugonga mkono wake huo kwa ngumi ya mkono wa kulia juu kidogo ya kifundo. Msuka utalegea wenyewe. Ukikataa, usitumie nyundo kwenye chuma, mpelekee mjuzi. Upanga wa sajini wa 1935 hutumia skurubu ya chuma, na si dalili ya bandia.

Kutu ya msuka ndiyo saa ya upanga. Msuka wa miaka 500 huwa mweusi au kahawia iliyokoza sana, laini na wenye mng'ao wa kina. Wa miaka 80 huwa wa kijivu au kahawia nyepesi, na alama za tupa huonekana waziwazi. Rangi hiyo haiwezi kutengenezwa kwa mwezi mmoja. Ndiyo maana msuka haupaswi kusuguliwa, kupakwa dawa wala kukwaruzwa kamwe.

Zitazame alama za tupa. Kila ukoo wa wahunzi ulipitisha tupa kwa mwelekeo wake: mlalo, mshazari au kama miiba ya samaki. Hesabu matundu. Yakizidi moja, huenda upanga ulifupishwa au ulitiwa mipini tofauti katika maisha yake. Wakati mwingine jina la mhunzi lilikatwa wakati wa kufupisha, na kukosekana kwake hakumaanishi kwamba upanga ni duni. Baadhi ya kazi bora kabisa hazina jina.

Jina likiwapo, upande wa pili huenda ukawa na tarehe. Asiyejua Kijapani anaweza kuanza na tarakimu. Moja ni mstari mmoja wa mlalo, mbili ni mistari miwili, tatu ni mitatu, na kumi ni msalaba. Miaka huhesabiwa kwa enzi za wafalme. Kwa enzi ya Showa, ongeza 1925. Hivyo basi Showa 18 ni mwaka wa 1943. Kwa Taisho ongeza 1911, na kwa Meiji ongeza 1867.

Panga za miaka ya vita pia huwa na mihuri. Muhuri wa Showa au wa Seki, mji wa mkoa wa Gifu ulioongoza katika utengenezaji, kwa kawaida huashiria kazi isiyo ya jadi kamili. Muhuri wa nyota uliwekwa kwenye panga za wahunzi walioidhinishwa na jeshi, waliopewa tamahagane na kufua kwa njia ya jadi. Muhuri wa nanga huonekana kwenye baadhi ya panga za majini.

Aidha, kuna kundi la panga za hekalu la Yasukuni mjini Tokyo, ambako wahunzi walifanya kazi kati ya 1933 na 1945. Walitengeneza takriban panga 8,100 kwa njia ya jadi, na zinatafutwa sana.

Si vyote ving'aavyo

Udanganyifu katika biashara hii una umri mrefu. Kuchonga jina la mhunzi mashuhuri kwenye kazi ya mwingine kulianza karne nyingi zilizopita, na Wajapani wana neno lake: gimei. Majina ya Masamune na Kotetsu yameghushiwa mno kiasi kwamba mjuzi akiyaona huanza kwa kushuku. Chuma chenyewe ndicho kinachoaminiwa kwanza, jina baadaye.

Udanganyifu wa pili ni mpya zaidi. Tangu miaka ya 1990, masoko yamejaa nakala za panga za kijeshi zilizochakazwa makusudi. Kutu yake ni nyekundu na ya unga, nambari zake hazijanyooka, utepe wa mpini umelegea, na mikunjo ya chuma imekolezwa kwa asidi hata inaonekana kwa mbali. Maandishi ya msukani mara nyingi hayana maana, au yamechongwa na mtu asiyejua mpangilio wa viboko vya patasi.

Kuna pia panga zilizofunikwa mpini na ala kwa mifupa au pembe za ndovu zilizochongwa picha za watu na wanyama. Hizi zilitengenezwa kuanzia enzi ya Meiji kwa ajili ya kuwauzia wageni kutoka nchi za Magharibi. Hazikuwahi kuvaliwa na samurai yeyote, na chuma chake huwa dhaifu.

Mkenya hana haja ya kuelezwa zaidi kuhusu pembe za ndovu. Julai 1989, serikali ya Kenya iliteketeza tani 12 za pembe katika Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, na mwaka huo huo mataifa yakakubaliana kupiga marufuku biashara yake ya kimataifa. Anayenunua upanga wa aina hiyo ng'ambo anaweza kunyang'anywa mpakani.

Utunzaji

Usiguse chuma kwa kidole. Jasho huacha alama ya kutu kwa muda mfupi. Upanga huchomolewa polepole, makali yakiwa juu, mgongo ukiteleza ndani ya ala.

Mafuta ya jadi ya kuulinda ni choji, mafuta mepesi yaliyotiwa harufu ya karafuu. Hupakwa kwa kitambaa safi, utando mwembamba tu, kuanzia juu ya msuka kuelekea nchani. Usitumie msasa, asidi wala dawa za kung'arisha vyombo. Upanga usihifadhiwe katika ala ya ngozi mahali penye unyevu.

Kunoa na kung'arisha ni taaluma ya pekee inayochukua miaka mingi kujifunza, kwa mawe ya namna mbalimbali, moja laini kuliko jingine. Kila mng'arisho huondoa chuma kisichorudi. Upanga uliosuguliwa kwa mashine ya gereji hupoteza pembe na mistari yake, na hata fundi hodari hawezi kuirejesha yote.

Hati na sheria

Baada ya vita, majeshi ya Marekani yaliyoikalia Japani yalikusanya panga za raia pia. Mtaalamu Homma Junji na wenzake, wakisaidiwa na Kanali Cadwell wa jeshi la Marekani, walifaulu kuyashawishi majeshi hayo kuziacha panga zenye thamani ya kisanaa. Mwaka wa 1948 iliundwa jumuiya ya kuhifadhi panga za sanaa, ijulikanayo kwa kifupi kama NBTHK. Jumuiya hiyo hukagua panga na kutoa hati za ngazi nne: Hozon, Tokubetsu Hozon, Juyo na Tokubetsu Juyo. Tangu 1977 imekuwa ikiendesha tanuri la tatara mkoani Shimane ili wahunzi wa leo wapate tamahagane.

Nchini Japani kila upanga wa jadi una kadi yake ya usajili, na hauwezi kutolewa nje ya nchi bila idhini ya idara ya utamaduni. Lakini panga zisizofuliwa kwa jadi, ikiwemo ile ya sajini ya 1935, hazisajiliwi kama kazi za sanaa. Mtu akiupeleka upanga wa namna hiyo Japani kwa nia njema ya kuurejesha, unaweza kutwaliwa na kuharibiwa. Ni muhimu basi kuutambua kabla ya kuusafirisha.

Nchi nyingine zina masharti yao. Uingereza na Wales, kwa mfano, zilipiga marufuku biashara ya panga zilizopinda zenye urefu wa sentimita 50 au zaidi mwaka wa 2008, ila zile zilizotengenezwa kabla ya 1954 au kwa njia za jadi ziliachwa. Mnunuzi wa Afrika Mashariki ataulize forodha na polisi kabla ya kulipa, wala si baada ya mzigo kufika.

Kwa nini subira ina faida

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Andika kila unachokijua kuhusu upanga: nani aliuleta, kutoka wapi, mwaka gani. Piga picha msuka pande zote mbili. Ukikuta kibao cha mti au kipande cha kitambaa chenye maandishi kimefungwa mpinini, usikitupe. Wajapani wengi waliandika majina na anwani zao walipokabidhi panga, wakitumaini kwamba siku moja zitarudi nyumbani.

Baadhi zilirudi. Upanga mmoja wa mhunzi Kunimune, uliokuwa hazina ya taifa na mali ya hekalu la Terukuni huko Kagoshima, ulitoweka baada ya vita. Mkusanyaji wa Marekani, Walter Compton, aliupata katika duka nchini mwake. Ulipotambuliwa, aliurejesha Japani katika miaka ya 1960 bila kudai malipo. Haungetambuliwa kama mtu angekuwa ameusugua msuka wake.

Nyingine hazijarudi. Honjo Masamune, upanga uliorithishwa katika ukoo wa Tokugawa waliotawala Japani kwa zaidi ya miaka 250, ulipelekwa kwa polisi wa Mejiro, Tokyo, Desemba 1945 kwa kutii amri. Mwezi uliofuata ulichukuliwa pamoja na panga nyingine, na haujaonekana tena hadi leo.

Pengine uliyeyushwa. Pengine umelala darini mwa mtu asiyejua, ukiwa ndani ya ala iliyooza. Mwenye upanga usio na maelezo hapaswi kudhani ameupata, kwa maana uwezekano huo ni mdogo mno. Hata hivyo, anapaswa kuuacha msuka kama alivyoukuta, hadi mwenye ujuzi autazame.